Unapohama, Usimfungulie Paka Siku ya Kwanza

Siku ya kuhama nyumba kila mtu huwa na lake. Baba anabishana na mwenye pikapu kuhusu nauli, mama anahesabu sufuria, watoto wamekwea juu ya magodoro. Paka hutiwa guniani dakika ya mwisho na, mkishafika, hufunguliwa papo hapo mlangoni "azoee mwenyewe." Wengi wetu tumepoteza paka kwa njia hiyo.

Nami nilitenda kosa hilo. Mnamo Desemba 2016 tulihama kutoka mtaa wa Jericho hadi Umoja, hapa Nairobi. Paka wetu, Chui, tulimfungulia sebuleni huku mlango ukiwa wazi na vijana wakiingiza kabati. Alipita katikati ya miguu yao kama mshale. Binti yangu, wakati huo akiwa darasa la pili, alilia usiku kucha, na kila jioni aliweka kisahani cha omena nje ya mlango. Siku ya tisa jirani wetu wa zamani alipiga simu. Chui alikuwa ameketi kwenye dirisha la jikoni lililokuwa letu, amekonda, sikio limechanika. Ili kufika huko ilimlazimu kuvuka barabara ya Outer Ring. Nikiyafikiria magari ya pale, mwili hunisisimka.

Mbwa humfuata mtu, lakini paka hushikamana na mahali. Ana tezi mashavuni, na anapojisugua kwenye mguu wa meza huwa anaacha harufu yake pale. Kwake yeye, hayo ndiyo makwao. Nyumba mpya inanuka rangi na watu asiowajua, kwa hivyo hujiona amepotea na kuanza kutafuta njia ya kurudi.

Tulipokwenda kumchukua, kuna aliyenishauri nimzungushezungushe ndani ya gunia ili asahau njia. Tafadhali usifanye hivyo, utamwongezea hofu bure. Tulimbeba katika boksi lililotobolewa matundu, na ndani yake tukaweka sweta kuukuu la binti yangu ambalo halikuwa limefuliwa.

Safari hii tulimfungia katika chumba kimoja, madirisha yamefungwa. Chakula na maji tuliweka pembe moja, na beseni la mchanga pembe ya mbali, kwani paka hapendi kula karibu na choo chake. Ukikosa mchanga, omba vumbi la mbao kwa seremala. Boksi tulililaza ubavu ili apate pa kujificha. Hata hivyo, alijichimbia chini ya kitanda kwa siku mbili. Usimvute. Keti sakafuni, ongea naye polepole, mwache aje mwenyewe. Kazi kubwa ni kuwazuia watoto!

Mpe chakula kile kile alichozoea. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi waliokomaa, basi maji yanatosha. Akimaliza siku nzima bila kuonja chochote, mwone daktari wa mifugo, maana paka akikaa na njaa kwa siku kadhaa ini lake laweza kudhurika vibaya. Ukiwa huko, uliza pia kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa paka naye huambukizwa.

Akianza kula vizuri na kutembea chumbani bila kunyata, mfungulie vyumba vingine, hasa jioni nyumba ikiwa imetulia. Nje ni baada ya wiki tatu hivi. Mtoe kabla hajala, kwa dakika chache tu, kisha umwite kwa kugonga sahani. Kabla ya hapo, waulize majirani kama wametega sumu ya panya, kwa sababu paka akila panya aliyelishwa sumu, huenda naye akafa.

Siku ya kumi na moja nilimkuta Chui akisugua shavu kwenye kona ya lile kabati lililokuwa likiingizwa alipotoroka. Binti yangu alitaka tumfungulie mlango siku hiyo hiyo. Nilimkatalia, akanuna, na tukangoja hadi wiki ya nne.