Usonji, Madini ya Sumu na Kauli ya Mwalimu

Wanachuo warejeapo kutoka mazoezi ya kufundisha hutuletea swali moja mara kwa mara: je, ni kweli kwamba usonji huletwa na madini yaingiayo mwilini mwa mtoto, kama vile risasi na zebaki? Wengine huuliza kwa sababu wazazi wamewauliza. Wengine, na hao ndio watutiao wasiwasi, wamekwisha kuwajibu wazazi.

Dai lililoenea kuliko yote ni lile la chanjo. Zamani baadhi ya chanjo za watoto zilitiwa dawa ya kuhifadhi yenye zebaki, iitwayo thimerosali. Denmark iliacha kuitumia mwaka 1992, na kufikia mwaka 2001 Marekani ilikuwa imeiondoa katika karibu chanjo zote za kawaida za watoto wadogo. Lau zebaki hiyo ingalikuwa ndiyo chanzo, idadi ya watoto watambuliwao kuwa na usonji ingalishuka. Haikushuka, iliendelea kupanda katika nchi zote mbili. Nayo ile makala ya mwaka 1998 iliyowatia watu hofu juu ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ilihusu watoto 12 tu, na jarida la Lancet lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Tena chanjo hiyo haikupata kutiwa thimerosali hata siku moja.

Hata hivyo, isingekuwa haki kusema kwamba hakuna lolote lililoonekana. Mwaka 2017 wataalamu walichapa matokeo ya kuchunguza meno ya utoto ya mapacha wa Sweden. Jino hukua tabaka kwa tabaka, mfano wa pete za mti, na kila tabaka huhifadhi alama ya madini yaliyokuwamo mwilini wakati huo. Ilionekana kwamba katika vipindi fulani meno ya watoto wenye usonji yalikuwa na risasi nyingi zaidi, na zinki na manganizi kidogo, kuliko ya ndugu zao. Lakini mapacha hao walikuwa wachache, na mambo mawili kuandamana si hoja kwamba moja limezaa jingine. Watoto wenye usonji huonekana zaidi na tabia ya kula visivyo chakula, kama udongo au rangi iliyobanduka ukutani. Basi yawezekana risasi ikaufuata usonji badala ya kuutangulia. Lililothibitika kwa nguvu zaidi ni kwamba urithi una sehemu kubwa katika jambo hili.

Kwa nini tunalikazania hivi? Mwaka 2005, huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki baada ya kutiwa mshipani dawa ya kuondoa madini mwilini, aliyopewa kama tiba. Na mtoto anyimwaye chanjo kwa kauli ya mwalimu aweza kuuawa na surua, ugonjwa ambao kinga yake ipo.

Haya yote hayaisafishi risasi. Hiyo ni sumu ya ubongo, na hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama kwa mtoto. Mwaka 1979 Herbert Needleman na wenziwe, huko Massachusetts, walipima risasi katika meno yaliyong'oka ya watoto wa madarasa ya chini, kisha wakawauliza walimu wao, ambao hawakujua matokeo ya vipimo, juu ya mwenendo wa kila mtoto. Kadiri risasi ilivyozidi jinoni, ndivyo walimu walivyozidi kumtaja mtoto kuwa hatulii, hamalizi kazi, hafuati maagizo. Twawasihi wanachuo wayatafakari maneno hayo matatu kabla ya kuyaandika katika taarifa ya mwanafunzi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza risasi miongoni mwa wakazi hadi kilipofungwa mwaka 2014, na kesi yao ikafika Mahakama ya Juu ya Kenya, iliyowapa haki mwaka 2024.

Basi mwalimu apangiwaye shule iliyo karibu na wavunja betri na atazame watoto wanachezea wapi, wananawa mikono kabla ya kula au la, na nani hula udongo. Akiona dalili, ampeleke mzazi kituo cha afya, kwani risasi hupimwa kwa damu wala haitambuliwi kwa macho. Na mtoto mwenye usonji, chanzo chochote kiwacho, Jumatatu asubuhi atahitaji ratiba isiyobadilika-badilika, maagizo mafupi, picha za kumwonyesha kitakachofuata, na dawati lililo mbali na kelele za dirishani.