KAMBA JUU YA MPINI: KOSA NI LA NANI?



Kila mkata nyasi anapopoteza kidole, neno la kwanza la msimamizi ni hili: "Alifunga mpini kwa kamba. Shauri yake." Kweli, kamba zipo. Ukizunguka viwanja vya gofu, mashule na majumba ya matajiri utaona vipande vya mpira wa baiskeli juu ya mipini ya mashine. Lakini tunauliza: ni nani aliyeileta kamba hiyo?

Kwa faida ya ndugu wa kazi nyingine, tueleze. Juu ya mpini wa mashine ya kusukuma pana chuma chembamba ambacho sharti ukibane wakati wote. Ukikiachilia, kisu kinasimama. Huko Marekani, tangu 1982, sheria inataka kisu cha mashine za nyumbani kisimame katika sekunde 3. Sheria hiyo ni njema, nasi hatuna ugomvi nayo. Kisu hakijui nyasi wala nyama.

Ugomvi uko hapa. Kuna namna mbili za kukisimamisha. Ya kwanza ni klachi na breki: kisu kinasimama, injini inaendelea kunguruma. Ya pili ni kuizima injini yenyewe, na hiyo ni rahisi kwa bei. Mwaka 1981, kabla sheria haijaanza kazi, Bunge la Marekani liliruhusu namna hii ya pili.

Mwenye nyumba anayekata nyasi zake nusu saa siku ya Jumamosi haimsumbui. Mwenzetu anakata toka asubuhi hata jioni. Kuna jiwe, anaachilia, injini imekufa. Kuna tawi, imekufa. Mtoto wa tajiri ameacha mpira wake nyasini, imekufa tena! Kila mara avute kamba ya kuwashia, na injini yenye joto mara nyingi inagoma. Vidole vimekufa ganzi kwa kubana, naye msimamizi amepima kiwanja, anataka kiishe leo. Hapo ndipo kipande cha mpira kinapoingia. Aliyekileta ni yule aliyenunua mashine ya nyumbani akaitia katika kazi ya kutwa, apate kuokoa shilingi zake.

Hatusemi endeleeni kufunga. Fungueni leo hii. Na kabla ya kutia mkono chini ya mashine chomoeni waya wa plagi, maana kisu kikizungushwa kwa mkono injini yaweza kushtuka ikawaka.

Lakini wenye kazi wasitukimbie. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inawataka watupe mashine zilizo salama na mafunzo ya kuzitumia. Na lile neno "shauri yake" si la bure. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo humnyima malipo aliyeumia kwa ukaidi wake wa makusudi, isipokuwa amekufa au amelemaa vibaya. Basi kidole kimoja na kipande cha mpira vinamtosha tajiri kufunga mfuko wake.

Tunadai mashine zenye klachi kwa kila anayekata kutwa, na kipimo cha kazi ambacho mtu anaweza kukimaliza bila kufunga kitu.

Wawakilishi wa kila mahali pa kazi wahesabu mashine zilizofungwa, waandike ni za namna gani na zilinunuliwa lini, walete ofisi ya tawi kabla hatujakutana na wenye kazi. Majina ya watu wasiandike.