Barua ya Mwalimu: Anayechoka ndiye anatangulia



Juma lililopita, kisha mkutano wa likelemba, mama mmoja alinivuta pembeni. Binti yake wa miaka 15 anataka kwenda na vijana wa parokia kupanda mlima wakati huu wa vakansi kubwa. Baba amekubali, bibi amekataa, na mama amebaki katikati. Akaniuliza: "Mwalimu, wewe ulisoma jeografia. Nimwache aende ao nimkataze?"

Sikumjibu pale pale. Nilimwomba asubiri barua hii, kwa maana jibu langu sikulipata katika kitabu. Nililipata kwenye mlima Kahuzi, mwezi wa 7 mwaka 2016, siku niliyoshindwa kutaja umri wa mtoto wangu mwenyewe.

Tulikuwa walimu 11. Mwaka wa masomo ulikuwa umeisha, mabuletini yamegawanywa. Toka mwezi wa kwanza tulikuwa tunachanga pesa kidogo kidogo ili twende kuona mlima tunaoufundisha kila mwaka na ambao hatujawahi kuukanyaga. Kahuzi una urefu wa mita 3308. Ziwa Kivu liko kwenye mita karibu 1460. Wanafunzi wetu wanajua hesabu hizo kwa kichwa, lakini miguu yetu ilikuwa haijazijua bado.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi 14 na alikuwa angali ananyonya. Mama yangu alikubali kubaki naye. Usiku ule alipika bugali na sombe, akaniambia nile vizuri. Mimi nilikuwa nafua nguo za mtoto, nikasema nitakula asubuhi. Asubuhi mtoto aliamka analia, nikamnyonyesha, na kabla sijamaliza basi likapiga honi barabarani. Mama akauliza: "Umekula?" Nikajibu: "Ndiyo, mama." Huo ndio uongo wangu wa kwanza wa siku ile.

Tulipita Miti, tukapinda kushoto, tukapanda mpaka Tshivanga, pahali walinzi wa mbuga ya Kahuzi-Biega walikuwa na ofisi yao. Bukavu tuliacha vumbi la kiangazi. Kule tulikuta ukungu mzito, mtu hakuona mti ulio hatua 20 mbele yake. Mwenzangu mmoja, msichana aliyeanza kazi mwaka ule, hakuwa na koti la mvua. Nilimpa langu. Akasema, "Na wewe je?" Nikasema, "Mimi sisikii baridi." Huo wa pili.

Wamama wengine watauliza: ukungu gani tena wakati wa kiangazi? Angalia kifuniko cha sufuria yako. Mvuke ukipanda na kugusa kifuniko kilicho baridi, unakuwa matone. Mlima ni kifuniko kile. Hewa yenye maji inapanda kwenye mteremko, na kila inapopanda mita 1000 inapoteza karibu digrii 5 ao 6 za joto. Mvuke wake unageuka matone madogo sana, na sisi tunayaita ukungu. Ndiyo maana hata mwezi wa 7, chini kukiwa kukavu, kichwa cha mlima kinaweza kuwa ndani ya maji.

Na hapo ndipo hatari inapojificha. Ukifua nguo siku ya ukungu, zinakauka? Hazikauki. Vile vile jasho la mtu anayepanda halikauki. Nguo zinalowa toka ndani kwa jasho na toka inje kwa ukungu. Wakati unatembea unasikia joto, unajiona una nguvu. Ukisimama dakika 10, upepo unapita, na nguo ile yenye maji inaanza kukunyonya joto.

Walinzi walitupa waongozaji wawili. Mmoja alikuwa mzee Mutwa. Wazazi wake waliishi ndani ya msitu ule mbele ya mbuga kuanzishwa mwaka 1970, na watu wake walitolewa humo katika miaka iliyofuata. Alijua mlima ule kama vile mama anavyojua jiko lake gizani. Alitupanga mustari na akasema neno moja tu: "Ule anachoka, njo anatangulia. Kukimbiya ni ya banyama."

Walimu wanaume vijana walicheka. Walitaka kufika wa kwanza. Mzee hakubishana nao, alisimama tu mbele ya njia mpaka wakanyamaza. Kisha akatuangalia mmoja kwa mmoja, akanionyesha kidole. Nilisikia haya. Nikasema, "Mzee, mimi sichoki, nina miguu ya Bukavu." Huo ulikuwa uongo wa tatu. Akaniachilia nikae katikati, na mbele akaweka mwalimu mwingine.

Kuanzia mita 2350 hivi unaingia katika miti ya mwanzi. Njia ilisimama kama ngazi iliyoegemea ukuta. Udongo ulikuwa mweusi na unateleza. Tulishika mianzi kwa mikono miwili, tukajivuta. Hakuna aliyesema tena habari ya kufika wa kwanza. Juu ya mita 2600 mianzi ikaisha, tukakuta vichaka vilivyopindapinda, vyenye ndevu za kijivu zinazodondosha maji. Juu zaidi kunaota mmea unaoitwa Senecio kahuzicus, ambao wataalamu waliupa jina la mlima huo. Nilikuwa nimeufundisha miaka mitatu. Nilipita karibu yake na sikuugeuzia hata macho.

Tulipofika kwenye mgongo wa mlima, upepo ukatupiga. Tukasimama kula. Mimi nilishindwa kumenya yai, vidole vilikataa. Nilitetemeka, kisha nikaona heri nikae chini kidogo, nilale kidogo. Mzee akachuchumaa mbele yangu. Hakuniuliza kama ninasikia baridi. Pengine alijua nitasema hapana. Aliuliza: "Mwalimu, mutoto wako iko na myezi ngapi?"

Nikajibu: "Mitatu."

Rafiki yangu aliyeketi karibu alishituka, maana alimbeba mtoto yule kwenye mgongo siku za mitihani. Mzee akasimama. "Tunarudia sisi bote."

Kelele zilitoka. Kilele kilikuwa karibu, mmoja alidai ni nusu saa tu. Wengine walitaka mwongozaji mmoja anishushe na mwingine aendelee nao. Mzee akakataa: katika ukungu kama ule, kundi likigawanyika, usiku utakukuta unahesabu watu na hawatimii. Mwalimu mmoja alikasirika kabisa, akasema mbele ya wote kwamba mama anayenyonyesha angebaki nyumbani. Mimi nilisikia maneno yale kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya maji.

Wanawake wenzangu walinizunguka wakashika vikwembe kama ukuta. Walinivua nguo zilizolowa, wakanivalisha sweta kavu ya mmoja, wakanifunga kichwa kwa kitenge, na wawili wakanibana katikati yao. Nilipoweza kushika kikombe na kumeza vizuri, walinipa chai ya termosi yenye sukari nyingi. Mwanaume mmoja alitoa kichupa cha kanyanga. Mzee akakisukuma mbali. Alifanya vema: pombe inadanganya ngozi kwamba kuna joto, na huku joto la ndani linatoka. Wala hawakunisugua kwa nguvu. Kisha nusu saa hivi nilianza kutetemeka tena, na mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mtu anayetetemeka mwili wake ungali unapigana. Ukiona mtetemeko umeacha na mtu angali baridi, anaongea kama mlevi ao anataka kulala, hapo mambo yameharibika na anahitaji dokta kwa haraka.

Tulishuka, mimi mbele. Usiku nilimkuta mama yangu karibu ya mbabula na mtoto mgongoni. Nilimwambia yote matatu: chakula, koti, miguu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Nani alikufundisha kusema 'niko sawa' kila mara?" Kisha akanyamaza, maana sote wawili tulijua ni nani.

Nimefikiri sana juu ya swali lile. Sisi wamama tunapanda milima kila siku hapa, na mizigo kichwani. Tunakula wa mwisho, tunatoa sweta letu, tunaficha ugonjwa mpaka siku tunapoanguka, na tunaita hayo yote upendo. Lakini siku ile uongo wangu mdogo mdogo ungeweza kumwacha mtoto wa miezi 14 bila mama. Na watu 10 walikosa kilele walichokichangia miezi sita.

Sasa, mama uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Usianze na ndiyo wala hapana. Nenda kwanza kwa wakubwa wa safari na uwaulize: Kuna mwongozaji anayejua njia, na habari za usalama wa pahali pale ni za leo ao za mwaka jana? Saa ngapi watageuka kurudi, hata kama hawajafika juu? Nani anatembea mbele, nani anafunga mustari nyuma? Wakikosa majibu, mkatalie, na usione haya.

Wakijibu vizuri, mwache aende. Mwekee sweta ya sufu na soksi kavu ndani ya sasheti iliyofungwa vizuri, asizivae mpaka watakaposimama. Mwekee koti la mvua, viazi vitamu, karanga, ndizi, maji ya kutosha, kwa maana katika ukungu mtu hasikii kiu na huku anatoka jasho. Hakikisha amekula mbele ya kutoka. Simama umwangalie anakula.

Na jambo la mwisho halitoshi kuliweka katika mfuko. Mfundishe kusema "nimechoka" na "nasikia baridi" bila kuona haya. Atajifunza kama anakusikia wewe ukisema hivyo nyumbani. Leo jioni jaribu: sema mbele ya watoto wako kwamba umechoka, kaa chini, na umwombe mmoja wao amalizie vyombo.

Mimi nilijaribu juzi. Mwanangu yule, ambaye sasa anajua umri wake vizuri, alivunja sahani moja. Ni bei ndogo.

Tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu