Msafara wa polisi Nimule–Juba: huduma moja isigeuzwe mbili

JUBA. Transfoma ya umeme haigawanyiki kama magunia ya unga. Ikishushwa bandari ya Mombasa kwenda Juba, hupita Nairobi, Kampala na Gulu, kisha huvuka mpaka wa Elegu na Nimule ikiwa nzima juu ya tela moja. Mzigo mpana hivyo hula upande wa pili wa barabara, ndiyo sababu huhitaji gari la kuutangulia.

Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa lori pamoja na shehena yake. Kinachozidi vipimo hutafutiwa kibali maalumu, lakini kwa mzigo usiogawanyika tu. Aliyezidisha saruji au mahindi asitegemee kibali, maana mzigo wake unaweza kupunguzwa.

Nimule inaongeza hatari nyingine. Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Sudan Kusini hupita kulia. Dereva wa lori lenye usukani wa kulia hujikuta amekaa ukingoni mwa barabara, huku mzigo ukijitokeza upande ambao magari yanakuja. Gari la mbele humwonea asichokiona.

Hata hivyo, katika kilomita 192 za Nimule hadi Juba, lami iliyokamilishwa 2012 kwa fedha za Marekani, wafanyabiashara wanaujua msafara kwa maana tofauti. Julai 2016 jeshi la Uganda lilisindikiza magari yaliyowaondoa raia wake Juba wakati wa mapigano. Mwaka 2021, baada ya madereva kuuawa kwenye barabara za Sudan Kusini, wenzao walisimamisha malori mpakani Elegu wakidai ulinzi.

Hapo ndipo pa kutenganisha mambo. Kumlinda msafiri dhidi ya majambazi ni wajibu wa serikali, awe amebeba nyanya au kreni. Kusindikiza mzigo mpana ni huduma kwa mwenye mzigo, naye ni haki ailipie. Zikichanganywa, mwenye nyanya atalipia msafara asiouhitaji, na nyanya zitaoza akisubiri zamu.

Sudan Kusini imo katika Jumuiya tangu 2016. Wafanyabiashara wana haki ya kudai kibali kimoja kinachotambulika kutoka Mombasa hadi Juba, ada iliyobandikwa wazi mpakani na risiti ya serikali, pamoja na saa maalumu ya polisi wa Uganda kuukabidhi msafara kwa wa Sudan Kusini.

Mjini Juba, Daraja la Uhuru lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Mei 2022 limelipunguzia mzigo daraja la zamani la chuma. Njia ya kuvuka Nile ipo. Utaratibu wa kuifikia bado unahitaji kunyooshwa.