Chuma Unacho, Sahani Utaziweka Wapi?

Wiki hii tuwaache wapenzi na ugomvi wao, tuwageukie masela wanaojenga kifua nyumbani. Kijiweni kwetu swali ni lile lile: mshikaji kapata mshiko kidogo, anataka chuma na sahani zake aweke uani, aanzie wapi? Mimi namwuliza kwanza atazilaza wapi hizo sahani. Anacheka. Hata mimi nilicheka.

Nilianza kama wengi walivyoanza, bomba la maji na makopo mawili ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege. Zege ni kama kilo 2.4 kwa lita, basi kila kopo nikalihesabia kilo 9 na ushee, nikajiona bingwa wa mtaa. Baada ya miezi minne bega la kulia likaanza kuuma, la kushoto safi. Bomba nalo limepinda katikati kama upinde. Siku niliyolikata kwa msumeno nikayapeleka makopo kwa jamaa wa vyuma chakavu. Mzani wake hata kama unampendelea mwenyewe, unayapendelea makopo yote sawasawa. Moja kilo 8 na nusu, la pili kilo 10 na robo! Nikaachana na zege siku ile ile.

Sasa ukienda kununua vya mtumba, nenda na rula. Sahani ziko za tundu dogo, kama milimita 25 hadi 30, na ziko za tundu la milimita 50 zinazoingia kwenye chuma cha mashindano. Usinunue chuma leo na sahani mwezi ujao kwa mtu mwingine bila kupima. Namfahamu mmoja alifanya hivyo, na chuma chake mpaka leo kinaning'iniza mosquito net. Samahani, chandarua.

Chuma cha mashindano cha wanaume kina urefu wa mita 2.2 na uzito wa kilo 20, unene wa pale unaposhika milimita 28. Cha akina dada ni mita 2.01, kilo 15, milimita 25. Ni bomba kinoma, lakini piga hesabu ya chumba chako. Futi 10 kwa 10 ni kama mita 3.05, ukikiweka katikati unabaki na sentimita 42 kila upande. Hapo uvalishe sahani ukiwa umeubana mgongo ukutani! Mwenye chumba kama changu ama achukue kifupi cha mita moja na nusu, ama akubali kutoka uani.

Kabla ya kutoa pesa kiviringishe sakafuni. Kikicheza kama nyoka, kimepinda, mrudishie mwenyewe. Shika katikati uzungushe ncha kwa mkono. Kwenye chuma kizuri ncha zinazunguka zenyewe na mkono wako unatulia. Dai na vibanio vyake, maana bila vibanio sahani huteleza. Na ukimaliza zoezi, toa sahani kulia moja, kushoto moja. Rafiki yangu alimaliza upande mmoja wote, upande wa pili ukashuka na chuma kikaruka juu kama mchezo wa pembea. Kilipita karibu na sikio lake. Aliacha kuongea kwa dakika tano, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Basi nikapata zangu: sahani 2 za kilo 20, 4 za kilo 10, 4 za kilo 5. Jumla kilo 100 kamili. Nikaziegemeza ukutani uani, zimepangwa vizuri, natesa.

Mjukuu wa mama mwenye nyumba ana miaka minne. Jioni moja alikuwa amekaa juu ya ndoo ya plastiki karibu na vyuma vyangu, akaitwa kula. Hajafika mlangoni, sahani ya kilo 20 ikaviringika, ikalala juu ya ndoo. Ndoo ilipasuka vipande. Mama mwenye nyumba alitoka, akaiangalia ndoo, akamwangalia mtoto. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mwanangu," akasema, "vyuma au chumba. Nakupa mpaka Jumapili."

Sikuwa na la kujibu zaidi ya "nimekuelewa, mama."

Nikakimbilia kwa fundi wa kuchomelea. Nikamwambia sahani zina tundu la inchi 2, kwa hiyo aweke vijiti vya bomba la inchi 2. Akanitazama kwa huruma. Kumbe bomba linaloitwa la inchi 2 kwa nje lina milimita 60! Linaloingia ni la inchi moja na nusu, kwa nje ni kama milimita 48, kwa tundu la 50 linapita vizuri. Angekuwa fundi mwingine angechomelea tu nikatoa pesa mara mbili.

Tulitengeneza umbo la herufi A, miguu imetanuka, vijiti vimeinuka kidogo mbele ili sahani isiteleze. Kilo 20 chini kabisa, kilo 5 juu. Ukibadilisha, ukapanga nzito juu, umetengeneza mtego. Nikaongeza mnyororo na kufuli kupita kwenye matundu. Chuma kirefu nacho kinalala juu ya ndoano mbili ukutani, kusimamishwa kwenye kona ni marufuku. Na kwa sisi wa pwani, chumvi ya hewa haina urafiki: kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila wiki, la sivyo kutu.

Jumapili mama mwenye nyumba alikuja kukagua. Alikisukuma kile kichanja kwa mkono, kisha kwa nyonga. Hakikutikisika. Akaomba ufunguo wa kufuli ukae kwake, nikampa. Siku hizi nikitaka kupiga chuma nabisha hodi kwanza, na mara nyingi nakuta kwenye vijiti vya juu ameanika khanga zake.