Zimamoto Wachaguliwe kwa Uwezo

Haimfichikii mkaazi yeyote wa Mji Mkongwe wa Unguja ya kwamba gari kubwa la zimamoto halipiti vichochoroni. Ukizuka moto huko ndani, ni mtu aburutaye mpira wa maji na kuingia chini ya boriti kuukuu; nasi wenye maduka ndio tulalao na hofu hiyo. Basi twauliza, enyi wakubwa: kijana huyu achaguliwe kwa pumzi na akili zake, ama kwa barua ya mjomba? Ilipoporomoka Beit al-Ajaib, tarehe 25 Disemba 2020, watu wawili walikufa. Kifusi hakikumwuliza mwokozi ni jamaa wa nani. Nafasi za mafunzo zitangazwe hadharani, na mtihani uwe kupanda ngazi na mpira begani. Ama vichochoro, watoto wa Malindi wamevihifadhi tangu chuoni.