Mjane wa Luka 18 angekuwa Mtumba leo

Wadau, kuna sentensi inanikera: "Vumilia, Mungu atajibu kwa wakati wake." Ni kweli kabisa. Ila angalia nani anaambiwa. Mara nyingi ni mama anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe, na anayemwambia hana faili lolote linalomsubiri popote.

Hapa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali uliozinduliwa Aprili 2019 (uamuzi wa kuhamia Dodoma ulikuwa wa 1973, kwa hiyo kusubiri tunakujua), kila asubuhi watu wanashuka na bahasha za kaki. Sasa soma Luka 18. Yesu alipotaka kufundisha watu wasichoke kuomba, hakutoa mfano wa mtu aliyejifungia chumbani. Alimtaja mjane aliyemrudia hakimu asiyemwogopa Mungu mpaka hakimu akachoka yeye. Na alidai haki yake, si gari wala viza. (Tusemezane ukweli, vijana wenzangu.)

Kuna na wenye haraka. Februari 1, 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Mimi siwezi kuwacheka. Mtu aliyeambiwa "njoo kesho" miaka na miaka, akisikia kuna mlango wa leo, atakimbia tu.

Kurudi kila siku kama yule mjane kunataka nauli, na mtu wa kukuandikia barua. Makanisa yetu yana kamati ya ujenzi, kamati ya harusi, kwaya tatu. Kamati ya kumsindikiza mjane hadi mapokezi ya wizara mmeiona wapi?